Haki ya Kuuliza: Mazungumzo ya Tabibu na Mgonjwa Mzee katika Eneo la Mkongani

1. Utangulizi

Makala haya yana kusudi la kuchunguza mazungumzo yanayopita baina ya mgonjwa mzee na yule anayemtibu, awe daktari wa hospitali au mganga wa jadi, katika eneo la Mkongani, Kaunti ya Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Suala hili limezoeleka kuachiwa watu wa utabibu na wa elimu ya jamii. Sisi tulio katika idara za lugha tumeridhika na kazi ya kuunda istilahi: tunamtafutia daktari jina la ugonjwa, jina la kiungo na jina la chombo, kisha tunadhani wajibu wetu umekwisha. Tutajaribu kuonyesha kwamba kazi hiyo, japokuwa ni ya lazima, haigusi kiini cha tatizo. Mzee wa Mkongani na daktari wake aghalabu hawatofautiani sana katika maneno wanayoyajua. Wanatofautiana katika kanuni za kuyatumia: nani aanze kusema, nani ana haki ya kuuliza, jibu la adabu ni lipi na jibu la ugonjwa ni lipi, na hata siku huanza saa ngapi.

Mifano tutakayoitumia imetokana na mazungumzo tuliyoyasikia katika nyumba za jamaa zetu, barazani kwa waganga, na katika vibaraza vya kungojea matibabu. Si mifano ya takwimu, wala haikukusudiwa kupima ubora wa hospitali yoyote. Kwa sababu hiyo majina ya wagonjwa, ya matabibu na ya hospitali hatutayataja.

2. Mahali na lugha zake

Wadi ya Mkongani imo katika eneo bunge la Matuga, si mbali na Hifadhi ya Shimba Hills iliyotangazwa mwaka 1968. Wakazi wake wengi ni Wadigo, pamoja na Waduruma, na katika vilima vya Shimba wamo pia Wakamba waliohamia kwa ajili ya kilimo. Chidigo ni mojawapo ya lahaja za Kimijikenda, na kama walivyoonyesha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha 1993, Kimijikenda na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja katika kundi la lugha za Sabaki. Panapo *kichwa* katika Kiswahili, Mdigo husema *chitswa*. Panapo *kuuma*, yeye husema *kuluma*, akiwa ameihifadhi /l/ ambayo Kiswahili kimeipoteza.

Udugu huu una faida na hasara. Faida yake ni kwamba karibu kila mzee wa Mkongani anakisikia na kukisema Kiswahili. Hasara yake ni kwamba mgeni humsikiliza mzee huyo akadhani kwamba wote wawili wanasema lugha moja. Kiswahili cha mzee ni Kiswahili cha pwani, kilichokaa juu ya msingi wa Chidigo na kulainishwa na madrasa. Daktari naye amejifunza utabibu kwa Kiingereza, na Kiswahili chake huenda amekipata shuleni, au katika mitaa ya Nairobi, Kisumu au Eldoret. Chumba cha daktari, basi, kina lugha tatu: Kiingereza cha kuandikia katika jalada, Kiswahili cha bara cha kuulizia, na Kiswahili cha pwani cha kujibia. Mwaka 2018, serikali ilipowaleta madaktari 100 kutoka Kuba na kuwasambaza katika kaunti mbalimbali, Kihispania nacho kiliongezeka katika baadhi ya hospitali za nchi. Lakini Mkuba na mgonjwa wake walijua tangu mwanzo kwamba hawaelewani, wakatafuta mkalimani. Hatari kubwa zaidi ni ya watu wawili wasiojua kwamba hawajaelewana.

3. "Siwezi"

Tuanze na mfano mdogo. Mzee mmoja wa kiume aliingia kwa daktari kijana. Alipoulizwa ana shida gani, alijibu: "Siwezi, mwanangu." Daktari akauliza: "Huwezi kufanya nini, mzee?" Mzee akarudia: "Siwezi." Daktari akaendelea kwa subira: "Huwezi kutembea?" Mzee: "Natembea." Daktari: "Huwezi kula?" Mzee: "Nala kidogo." Hatimaye ikaandikwa katika jalada, kwa Kiingereza, kwamba maelezo ya mgonjwa hayaeleweki.

Kila mwanafunzi wa lahaja za pwani anajua kilichotokea. Kitenzi *-weza*, kikikanushwa bila ya kufuatwa na kitenzi kingine, maana yake ni kuugua. *Mama hawezi* ni *mama mgonjwa*. Katika Kiswahili cha bara maana hiyo imefifia au haipo kabisa. *-Weza* imebaki kuwa kitenzi kinachohitaji kingine nyuma yake ili kikamilike. Mzee alikuwa amekwisha kujibu swali kwa ukamilifu. Alichokuwa akikingoja ni kuambiwa *pole*.

Neno *bibi* lina mkasa wa namna hiyo hiyo. Pwani, bibi ni mzazi wa mzazi, au mwanamke wa kuheshimiwa. Sehemu nyingi za bara la Kenya, bibi ni mke. Daktari akimwuliza mzee, "Bibi yako anakula nini nyumbani?" akiwa na nia ya kujua nani humpikia, mzee huanza kumkumbuka nyanya yake aliyefariki zamani. Na daktari anayetaka kumchangamkia mwanamke mzee kwa kumwita *shosho*, kama watu wa Nairobi wanavyofanya, hana habari kwamba neno hilo limemfikia mwenyewe kama jina la mtu mwingine.

Mifano hii ingeweza kutibiwa kwa orodha ya maneno, na orodha hiyo yafaa itungwe. Ifuatayo haiwezi.

4. Salamu si jibu

Mgonjwa wa kulazwa hupitiwa na daktari kila asubuhi. Daktari mwenye adabu husema: "Shikamoo, mama. Umeamkaje? Unaendelea vipi?" Mgonjwa hujibu: "Marahaba. Njema, alhamdulillahi." Daktari huandika kwamba mgonjwa anasema ana nafuu, akahamia kitanda cha pili.

Katika adabu ya pwani, jibu la salamu si taarifa ya afya. Mtu aliyefiwa usiku huamkiwa asubuhi akajibu *njema*. Kisha, baada ya salamu kutimia, hutoa habari ya msiba. Kumshukuru Mungu kabla ya kutaja dhiki ni wajibu wa Mwislamu, na wazee wengi wa Kidigo ni Waislamu. Ndiyo kusema salamu ni mlango, na habari imo ndani ya nyumba. Mwenyeji akikaribishwa mlangoni hujua kwamba ataendelea ndani. Daktari, kwa haraka ya kazi, hubisha hodi, akajibiwa, akaenda zake akiamini kwamba ameiona nyumba yote.

Haraka hiyo si ya Kwale peke yake. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti wao uliofanywa Marekani, wakaonyesha kwamba madaktari waliowachunguza waliwakatiza wagonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 za maelezo yao ya mwanzo. Sasa mpimie sekunde 18 mzee wa Mkongani. Yeye hasimulii ugonjwa kuanzia dalili. Husimulia kuanzia chanzo, na chanzo kiko mbali. Tulimsikia mmoja akianza na mvua za El Niño za mwaka 1997, akapita katika nyumba iliyoanguka, akamtaja mwana aliyehamia Mombasa, mpaka akafikia usiku ambao pumzi zilimpaa. Pumzi hizo ndizo alizotakiwa kuzitaja, na zilikuwa mwishoni. Anayemkatiza kwenye mvua hatazisikia.

5. Anayeuliza na anayesema

Tuje katika kiini cha hoja yetu. Mazungumzo ya hospitali yamejengwa juu ya swali: daktari huuliza, mgonjwa hujibu. Kwa daktari jambo hili ni la kawaida mno hata halionekani kuwa ni desturi. Kwa mzee ni desturi ngeni, tena yenye kuudhi, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni umri. Katika malezi ya pwani maswali huteremka: mkubwa humwuliza mdogo. Mdogo akiwa na haja kwa mkubwa hutanguliza maombi, hueleza haja yake, kisha hungoja. Kijana anayemketisha mzee mbele yake na kumwuliza mfululizo, *Umri? Unaumwa wapi? Tangu lini? Choo kinatoka?*, anatumia muundo ambao mzee ameuzoea mahali pamoja tu, yaani mbele ya askari au ofisini kwa chifu. Na mtu mbele ya askari hujibu kwa ufupi asije akajitia hatiani. Majibu mafupi ya mzee, ambayo daktari huyahesabu kuwa ni kutojua au ni uzee, mara nyingi ni kujihifadhi.

Sababu ya pili ni uganga wenyewe. Tusichanganye waganga wote kuwa kitu kimoja: yuko mganga wa miti, yuko mganga wa kitabu atibuye kwa kombe na dua, yuko mganga wa pepo, na yuko mpiga ramli au bao. Mganga wa miti huweza kuuliza kama daktari. Lakini mpiga ramli, ambaye mara nyingi huendewa kwanza ili ijulikane mgonjwa apelekwe wapi, ana mpango ulio kinyume kabisa. Mwenye haja huja, hutoa ada, hukaa kimya. Hasemi anaumwa nini. Mganga ndiye anayesema: huitaja safari ya ugonjwa mwilini, huingia kichwani, hushuka kifuani, hupotea, hurudi, na mwenye haja huitikia *taire* pale anapoguswa na ukweli, au huitikia kwa unyonge pale anapoona njia imepotoka. David Parkin, katika makala yake ya 1979 juu ya usemi wa waaguzi wa pwani ya Kenya, ameonyesha jinsi usemi huo unavyoanza kwa kutangatanga kama katika nyika, ukaendelea kunyooka kidogo kidogo, mpaka ukawa njia moja inayofuatika. Kinachostahili kutiliwa mkazo na mwanaisimu ni kwamba njia hiyo hunyooshwa na watu wawili. Mganga hupendekeza, mgonjwa hupima. Mgonjwa hana swali hata moja la kujibu, walakini hakuna hatua inayopigwa bila ya yeye.

Kwa mtu aliyekulia katika mpango huo, anayeuliza ni asiyejua. Mzee mmoja alitoka hospitalini akatuambia: "Kama anajua, mbona aniuliza mimi?" Maneno haya yasichukuliwe kuwa ni ujinga. Ni kauli ya nadharia: elimu ya tabibu hudhihirika kwa kusema kwake, na hali ya mgonjwa hudhihirika kwa kuitikia kwake. Daktari anaposema, "Nieleze unavyojisikia," anadhani amempa mgonjwa uhuru. Mzee anasikia kwamba kazi ya tabibu amerushiwa yeye.

6. Maneno ya mwili

Hata hivyo msamiati una sehemu yake, hasa pale neno moja linapokuwa mali ya elimu mbili. Mzee husema "nina baridi", daktari akatafuta kipimajoto. Lakini baridi ya mzee inaweza kuwa ni ile ya *baridi yabisi*, iliyomwingia katika viungo. *Yabisi* ni neno la Kiarabu lenye maana ya ukavu, na jina zima ni kumbukumbu ya elimu ya tiba ya Wayunani iliyopokewa na Waarabu, akiwamo Ibn Sina, inayougawa mwili na vyakula na dawa katika joto, baridi, ukavu na unyevu. Marc Swartz, aliyefanya utafiti Mombasa, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mawazo haya bado yalikuwa hai miongoni mwa Waswahili wa mji huo. Mzee anaposema "dawa hii ni ya moto", haisemi hali ya chupa. Anasema kwamba dawa imezidisha joto katika mizani ya mwili wake, na pengine ameamua kuiacha.

*Mshipa* nao ni mtego. Katika vitabu vyetu vya sayansi mshipa ni njia ya damu. Katika kinywa cha mzee huweza kuwa mshipa wa damu, au mshipa wa fahamu, au ngiri, au busha. Katika pwani hii, ambako matende na busha ni maradhi ya tangu zamani, mwanamume anayesema "mshipa unanisumbua" anaweza kuwa anataja jambo ambalo hatalitaja kwa jina lake mbele ya muuguzi wa kike aliye rika la binti yake. Vivyo hivyo *kiuno*. Mzee wa kiume asiyeweza kuushika mkojo, au ambaye mkojo haumtoki, husema kiuno kinamwuma. Apewapo dawa ya maumivu ya mgongo hushukuru, akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Hapa ndipo lilipo suala la mkalimani. Hospitali humtegemea yeyote aliyemsindikiza mzee. Lakini jamaa si sawa katika haki ya kusikia. Mwana na baba wana stara baina yao, na mkwe ndiye mwenye stara kubwa zaidi. Mjukuu ana utani na babu yake, na utani huruhusu mengi. Daktari humwona mwana wa miaka 50 kuwa ndiye mtu mzima wa kuzungumza naye, akamtoa nje mjukuu wa miaka 20. Kwa kufanya hivyo amemtoa mkalimani akambakiza mlinzi wa haya.

Inafaa hapa tulinganishe na mapokeo mengine ya tiba yaliyofika katika pwani yetu. Tangu mwaka 1964 China imekuwa ikipeleka Zanzibar matimu ya madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu. Kwa sehemu kubwa kazi yao imekuwa ni utabibu wa kisasa, lakini tiba ya sindano ya Kichina nayo ilikuja pamoja nao. Tiba ya jadi ya Kichina ina njia nne za uchunguzi: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kushika mapigo ya mkono. Swali, kama ionekanavyo, ni njia moja katika nne. Tabibu aliyeushika mkono wa mgonjwa kwa muda mrefu, akanyamaza, hajaacha kuwasiliana. Mzee wa pwani anaijua lugha hiyo. Na tiba ya Kichina nayo, kama ile ya Ibn Sina, hutenga joto na baridi. Hatusemi kwamba daktari wa Kwale aige desturi za Jiangsu. Tunasema kwamba utabibu wenye vitabu na shule unaweza kujengwa bila ya kuliweka swali mbele ya kila kitu.

7. Usiku wa Alhamisi

Tutasimulia sasa kisa ambacho ndicho kilichotusukuma kuandika. Bibi mmoja wa Mkongani, ambaye ni jamaa yetu, alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Katika hospitali moja aliambiwa kwamba damu yake itapimwa sukari, na kwamba lazima afike akiwa hajala. Muuguzi alimwambia kwa Kiswahili safi: "Usiku wa Alhamisi usile kitu, asubuhi yake uje." Katika kadi ikaandikwa tarehe ya Ijumaa.

Bibi hakusoma kadi, kwani hakusomeshwa kuandika kwa herufi za Kirumi. Alishika maneno. Usiku uliotangulia Alhamisi hakula. Alfajiri akapanda pikipiki, akafika asubuhi ya Alhamisi na njaa yake. Akaambiwa: "Bibi, umesahau. Siku yako ni kesho." Mhudumu mwingine akaongeza, kwa upole wala si kwa dharau: "Ndio uzee huo." Akarudi nyumbani. Siku ya pili hakwenda, kwa kuwa nauli ilikuwa imekwisha na kwa kuwa alikuwa ameona haya. Kwa miezi kadhaa kidonda kiliendelea kutibiwa kwa majani. Aliporudishwa hospitalini, ikabidi akatwe vidole viwili vya mguu.

Bibi hakusahau. Katika hesabu ya siku ya Kiislamu, ambayo ndiyo hesabu ya kale ya Kiswahili, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. *Usiku wa Ijumaa* ni ule ambao mtu wa ofisini huuita Alhamisi jioni, na *usiku wa Alhamisi* ni ule wa kuamkia Alhamisi. *Asubuhi yake* haina budi kuwa asubuhi ya Alhamisi. Kwa sarufi ya lugha yake, bibi huyu alitekeleza agizo neno kwa neno. Aliyekosea kalenda ni muuguzi, naye hakuwa na njia ya kujua kwamba amekosea, maana maneno yalikuwa ni yale yale.

Madhara ya kosa hili hayakuishia mguuni. Neno *umesahau* lilifika nyumbani kabla yake. Binti yake alianza kumchungulia: je, mama amefunga jiko? Je, mama ameswali mara mbili? Na bibi mwenyewe, aliyekuwa akihesabu miezi ya mwandamo kwa ajili ya jirani zake, alianza kuuliza watu siku.

Maagizo ya dawa yana mtego wa jinsi hiyo. Fomula *kutwa mara tatu* humaanisha, kwa mfamasia, mara tatu katika saa 24. Lakini *kutwa* ya mzee ni kinyume cha *kucha*: ni muda wa mchana, tangu jua kuchomoza hadi kutua. Vidonge vitatu humezwa vyote kabla ya magharibi, na usiku hubaki bila dawa. Mwezi wa Ramadhani *kutwa* hiyo hiyo ni wakati wa saumu, na mzee huiacha dawa bila ya kumwambia mtu, kwa kuwa hakuulizwa, na kwa kuwa kumweleza kijana habari za ibada yake si jambo analoona linampasa.

8. Upande wa pili

Msomaji asidhani kwamba tunamsifu mganga ili kumshusha daktari. Ramli haipimi sukari. Mazungumzo mazuri barazani hayakukiponya kidonda tulichokitaja, na miezi iliyopotea ilipotea pale. Zaidi ya hayo, usemi wa mwaguzi una hatari ambayo usemi wa daktari hauna: unaweza kumtafutia ugonjwa mwenye kuhusika nao. Katika kaunti za Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma kama hizo huweza kuanzia katika maneno ya mwaguzi. Mzee anayeitikia *taire* leo kwa ugonjwa wake huenda kesho akatajwa katika ugonjwa wa mtoto wa jirani.

Hata kule kuitikia kuna hila yake. Daktari akiambiwa kwamba mzee hupenda kupendekezewa, anaweza kurukia kumwuliza "Kichwa kinauma? Kifua kinauma? Tumbo linauma?" akajibiwa *naam* kwa yote matatu. *Naam* hiyo ni ya heshima. Mpiga ramli mzoefu hutofautisha mwitiko wenye nguvu na mwitiko wa adabu. Husikiliza sauti, wala hasikilizi neno peke yake. Ustadi huu unafundishika, na ni ustadi wa lugha.

9. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 57 kinawahakikishia wazee, yaani waliotimiza miaka 60, haki ya kuishi kwa hadhi na heshima. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mtoa huduma ampe mgonjwa habari, kadiri inavyowezekana, katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Sheria, basi, ipo. Lakini sheria inadhani kwamba *lugha anayoielewa* ni jina tu: Kiswahili, Chidigo, Kikamba. Bibi wa kidonda alisemeshwa kwa lugha anayoielewa, na akaielewa barabara.

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo manne kwa wenzetu wanaofundisha Kiswahili, hasa wanaofundisha wanafunzi wa utabibu na uuguzi.

Kwanza, salamu ifundishwe kuwa ni mlango, na mwanafunzi azoezwe kuuliza mara ya pili baada ya *njema*, akiwa ameketi. Pili, mwanafunzi azoezwe kutanguliza kauli mbele ya swali: amwambie mzee anachokiona katika uso wake, katika pumzi zake na katika mwendo wake, kisha anyamaze na kusikiliza mwitiko una nguvu gani. Tatu, maagizo ya wakati yafungwe katika vitu visivyogombaniwa: baada ya swala ya alfajiri, baada ya adhuhuri, kabla ya kulala, na usiku utajwe kwa pande zote mbili, *Alhamisi ikiisha, kuamkia Ijumaa*, kisha mzee aombwe ayarudie maneno kama alivyoyapokea. Nne, mzee mwenyewe aulizwe ni nani angependa abaki naye chumbani.

Hakuna katika haya linalohitaji mashine wala fedha nyingi. Yanahitaji wanaisimu watoke katika orodha za istilahi waende kukaa katika vibaraza vya hospitali, wasikilize. Mara ya mwisho tulipomsindikiza bibi yetu kwenda kubadilishwa bendeji, lile jalada lilikuwa lingali na sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba mgonjwa husahau. Kuifuta sentensi hiyo si kazi ya daktari peke yake. Ni yetu pia.